Nusu Siku Yako Kila Wiki: Mwongozo Kamili wa Kuipata na Kuilinda

Kila Januari huwa naletewa habari ileile. Mtu ameamua kujijali: ataamka saa 10 alfajiri akimbie, atakunywa maji lita tatu, atasoma kitabu kila mwezi, atalala mapema. Ikifika wiki ya tatu anarudi kichwa chini. Imeshindikana, anasema, labda mimi ni mvivu tu.

Si uvivu. Ameongeza mambo manne kwenye wiki iliyokuwa tayari inafurika, na hakutoa hata moja. Ndoo ikijaa, ukiendelea kumimina unalowesha sakafu. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu kazi kubwa ni kutoa. Kuweka kumo, lakini ni kidogo na kunakuja mwishoni.

Lengo ni moja: muda wa saa nne mfululizo kila wiki ambao si wa mwajiri, si wa watoto, si wa kamati ya harusi. Ni wako. Nimeandika nikimfikiria mtu mzima wa Dar es Salaam mwenye kazi, mwenye watu wanaomtegemea na anayeijua foleni. Ukiwa Mombasa, Bujumbura au Muscat, badilisha majina ya vituo vya basi tu.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii. Utaifungua uandike "saa 2, foleni", dakika kumi baadaye uko kwenye stetasi ya mtu uliyesoma naye sekondari.
- Saa ya mezani yenye alamu. Hii ndiyo itakayoitoa simu chumbani. Bila saa hii, hatua ya 3 haifanyi kazi.
- Bahasha moja, au laini ya pili ya simu yenye akaunti ya pesa, kwa ajili ya michango peke yake.
- Mtu mmoja anayejua mpango wako: mwenzi, dada, au jirani. Awe mtu unayeweza kumlindia watoto naye akakulindia wako.
- Wiki tano: moja ya kujiandika na nne za kujaribu. Usianze wiki ya kufunga hesabu za mwezi, wala wiki yenye arusi ya ndugu.

Pesa haimo kwenye orodha. Nusu siku inayohitaji pesa ili iwepo itakufa tarehe 15 ya mwezi.

## Hatua ya 1: Iandike wiki yako ilivyo, siku saba

Piga mistari upate safu tatu: saa, nilichofanya, ilikuwa ya nani. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Andika K kwa kazi (na njia ya kwenda na kurudi), N kwa nyumba na watoto, W kwa watu wengine, M kwa mimi. Kama huwezi kusema muda ule ulikuwa wa nani, weka alama ya kuuliza.

Jumanne yangu ya kwanza ilisomeka hivi. Saa 11 alfajiri kuamka na kuandaa watoto, N. Saa 12:10 nimesimama kwenye mstari wa basi Kimara. Saa 1:40 nimefika Posta, K. Saa 11:30 jioni kutoka kazini, saa 1:15 usiku nyumbani, K tena. Saa 2 hadi saa 3 chakula na kazi za shule za watoto, N. Kuanzia saa 3 hadi saa 5:20 usiku: alama ya kuuliza. Nilikaa kwenye kochi lile kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini, na kesho yake sikukumbuka hata kitu kimoja nilichokitazama.

Andika mara nne kwa siku: baada ya kifungua kinywa, mchana, ukifika nyumbani, na kabla ya kulala. Ukisubiri usiku uandike siku nzima, utaandika hadithi.

Tahadhari: wiki hii usirekebishe chochote. Mtu akijua anajiandika huanza kujipendekeza, hata mbele ya daftari lake mwenyewe. Ghafla analala saa 4 na kusoma magazeti. Wiki safi namna hiyo haikusaidii kitu.

Utajua umefaulu ukiwa na kurasa saba ambazo usingependa mwenzako azisome.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa 168

Wiki ina saa 168. Anza kutoa.

Usingizi, saa 7 kila usiku, ni 49. Zinabaki 119. Kazi, 45: zinabaki 74. Njiani, saa 3 kwa siku kwa siku tano, ni 15: zinabaki 59. Kuoga, kuvaa na kula, 14: zinabaki 45. Kupika, kufua na watoto, 24: zinabaki 21. Ibada na kutembelea ndugu, 6. Zinabaki 15.

Weka namba zako mahali pa zangu, halafu linganisha na daftari. Kwa wengi hesabu inasema zimebaki kumi na kitu, daftari linasema hakuna hata moja. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta, na mara nyingi imejificha sehemu tatu: kazi iliyovuka mpaka wake, simu, na shughuli za watu.

Kuhusu kazi, ujue mpaka uko wapi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Muda wa ziada ni wa makubaliano, hauzidi saa 50 katika wiki nne, na unalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kuna pumziko la saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kutumikia miezi 12. Mameneja wenye mamlaka ya juu wana masharti yao, na mwenye genge lake la mboga hana wa kumdai. Ila kama umeajiriwa na daftari linaonyesha saa 61, hapo tatizo lako halitibiwi kwa kujipaka mafuta mazuri na kuwasha mshumaa.

Tahadhari: kama hesabu inagoma kabisa, pengine una kazi mbili au unamuuguza mzazi, usitafute saa nne. Tafuta moja. Hatua zilizobaki ni zilezile.

## Hatua ya 3: Urudishe usingizi kabla ya chochote

Watu wengi wanaotaka "muda wangu" huukata kwenye usingizi, kwa kuwa usingizi haupigi simu kulalamika. Unalipiza baadaye. Unakasirikia watoto saa 1 asubuhi, unasinzia kwenye daladala hadi unapitiliza kituo, na Jumamosi ikifika hiyo nusu siku yako unailala yote. Ushauri wa kitaalamu kwa mtu mzima ni angalau saa 7.

Fanya mambo mawili tu. Simu ilale sebuleni kwenye chaji, saa ya mezani iingie chumbani. Na chai au kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 10 jioni. Kafeini huchukua muda wa saa tano hivi kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 12 jioni bado kina nusu yake saa 5 usiku. Chai ya rangi imo kwenye hesabu hiyo, usiihurumie kwa sababu haina maziwa.

Kama unalala vya kutosha na bado unaamka umechoka, na wenzako wanasema unakoroma kisha pumzi inakatika, nenda kwa daktari. Hiyo haimalizwi na ratiba.

Dalili ya kufaulu: mara mbili au tatu kwa wiki unaamka kabla alamu haijalia.

## Hatua ya 4: Toa kitu kimoja chenye jina

"Nitapunguza simu" hakina jina. "Jumatatu hadi Alhamisi, sishiki simu kuanzia saa 3 usiku" kina jina, siku na saa. Mtu wa pembeni anaweza kukuuliza kama umekifanya na ukalazimika kujibu ndiyo au hapana.

Chagua kimoja tu kutoka kwenye daftari, kile chenye alama nyingi za kuuliza. Ukikata vitatu kwa mpigo, vyote vitarudi wiki ya pili, tena na hasira.

Kama kinachokumaliza ni ujumbe wa kazi usiku, jibu lisiwe ukimya. Bosi akiona umekaa kimya huhisi umemdharau. Jaribu hivi:

*"Habari za jioni bosi. Nimeuona ujumbe. Kesho saa 2 asubuhi naanza nao, kabla ya saa 4 utakuwa mezani kwako. Kama ni wa usiku huuhuu, naomba unipigie."*

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Kuandika ni rahisi, kupiga simu saa 4 usiku kunamlazimu mtu afikirie kama jambo lina haraka kweli. Mimi nilikaa mwaka mzima nikijibu ujumbe wa ofisi hadi saa 5 usiku, nikidhani najijengea jina. Nilijijengea kweli: kila kazi iliyomshinda mwenzangu saa 11 jioni ililetwa kwangu.

## Hatua ya 5: Panga michango na shughuli

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na miongozo mingi ya kujitunza hailigusi shimo hili kwa sababu imeandikwa na watu wasioletewa kadi. Kwetu mtu mzima haishi peke yake. Kuna kadi ya arusi, singo au dabo, sendofu, kicheni pati yenye sare ya kitenge, ubarikio, arobaini, kikoba cha Jumapili, na magrupu ya WhatsApp yaliyoundwa kwa ajili ya kila kimoja. Ukikataa vyote unakuwa mtu wa ajabu. Na siku ukifiwa, utauona uajabu wako ukumbini: viti vitupu.

Basi weka ngazi, uziandike kwenye jalada la ndani la daftari:

1. Msiba na mgonjwa. Hivi havipimwi kwa ratiba. Unakwenda.
2. Arusi ya damu na ya rafiki wa karibu. Unachanga na unahudhuria.
3. Wengine wote. Unachanga kidogo au unatuma pongezi, hukai vikao.

Mshahara ukiingia, weka kiasi cha mwezi kwenye bahasha. Kinachobaki cha mwezi uliopita kisirudi matumizini, kiwe akiba ya ngazi ya kwanza, maana msiba haupigi hodi. Bahasha ya ngazi ya pili na ya tatu ikiisha tarehe 12, mwezi wa arusi kwako umekwisha tarehe 12.

Siri nyingine ambayo wahazini wa kamati wote wanaijua: anayeahidi laki na kutoa elfu ishirini baada ya kupigiwa simu wiki sita ana sifa mbaya kuliko aliyetoa elfu ishirini siku ya kwanza. Toa kidogo, toa mapema, piga simu ya pongezi. Jina lako litafutwa kwenye orodha ya kusumbuliwa, na hapo umejiokolea si pesa tu bali jioni kadhaa.

Vikao ni jambo jingine. Kuchanga si kukaa kamati. Kikao cha saa 10 huanza saa 12, na ajenda ya keki inaweza kula saa nzima. Kubali kamati moja kwa nusu mwaka. Ya pili ikija, na imeletwa na mkubwa, usiandike. Piga simu, anza na salamu yake, na utoe mbadala kabla hujasema huwezi:

*"Shikamoo mjomba. Hongera sana kwa dada, tumefurahi wote. Mchango wangu nautuma leo hii kwa mhazini. Na siku yenyewe nitafika asubuhi nisaidie kupokea wageni. Kamati tu ndiyo naomba unisamehe mjomba, Jumamosi nina jambo la nyumbani nililojifunga nalo."*

"Jambo la nyumbani" si uongo. Wewe ni wa nyumbani. Usieleze zaidi ya hapo. Kila sababu utakayoongeza ni mlango, na mjomba ana funguo za milango yote.

Tahadhari: usitumie maneno "nahitaji muda wangu" kwa mkubwa aliyekulea. Kwake yana maana kwamba umemchoka. Kwa wa rika lako yanapita bila shida.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukimaliza mwezi bila kukopa kwa ajili ya sherehe ya mtu mwingine.

## Hatua ya 6: Chagua siku, saa na mahali

Angalia daftari uone ni wapi pamelegea tayari. Kwa wengi ni Jumamosi, saa 1 hadi saa 5 asubuhi, kabla shughuli za mchana hazijaanza na kabla jua halijawa kali. Kwa anayefanya kazi Jumamosi, Jumapili jioni. Kwa muuguzi au mlinzi wa zamu, siku ya kutoka zamu ya usiku ni mtego: utailala yote. Chukua inayofuata.

Mahali pana uzito kuliko unavyodhani. Nyumbani kuna nguo za kufua zinazokutazama. Ukiweza, toka: ufukwe, nyuma ya nyumba ya ibada penye kivuli, kwa rafiki asiyeuliza maswali.

Mwenye watoto wadogo hawezi kutoka hivihivi, na akina mama mnajua ni nani huambiwa "toka tu kidogo upumzike" huku akiachiwa mtoto mgongoni. Suluhisho ni kubadilishana. Jumamosi hii wako wanakaa kwa jirani, ijayo wa jirani wanakaa kwako. Au mwenzi achukue asubuhi, wewe umwachie jioni. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani ili isiwe hisani ya kuombwa upya kila wiki.

Swali ninaloulizwa sana: je, saluni inahesabika? Inategemea. Kama unasukwa na msusi unayempenda na mnacheka, ni yako. Kama umekaa kwenye foleni ya saluni toka asubuhi ili Jumatatu ofisini wasikuseme, andika K.

## Hatua ya 7: Ijaze kidogo

Sasa ndipo tunaweka kitu ndani, na kiwe kimoja kinachosogeza mwili, kimoja kisicho na faida yoyote. Basi.

Cha mwili: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha. Dakika 60 za Jumamosi, na nyingine 90 uzigawe kwa kushuka kituo kimoja kabla ya chako, dakika kumi kwenda na kumi kurudi, siku nne au tano. Namna ya kupima mwendo: uweze kuongea, usiweze kuimba.

Kisicho na faida: bao, kusoma riwaya, kushona, kukaa barazani na kahawa chungu na kashata, kusikiliza taarabu hadi mwisho bila kuikatisha. Usigeuze sehemu hii kuwa biashara. Nimeona mtu akianza kuoka keki kwa raha zake, mwezi wa pili ana oda, mwezi wa tatu anaoka usiku wa manane. Keki nzuri, lakini nusu siku ilikufa.

Mambo yasiyoingia: kwenda Kariakoo kununua vitu vya nyumbani, kulipa ankara, kumpigia simu fundi.

## Hatua ya 8: Ilinde kwa wiki nne

Wiki ya kwanza utajisikia mwizi. Utashika simu mara ishirini. Nyamazisha magrupu: WhatsApp inakupa muda wa saa 8, wiki moja, au daima. Chagua saa 8 kwa familia na daima kwa yale ya kamati zilizokwisha kuvunjwa ambayo bado watu hutumiana humo picha za maua. Waachie watu wawili tu njia ya kukupata kwa kupiga.

Wiki ya pili litatokea jambo. Huwa linatokea. Likiwa la ngazi ya kwanza, nenda. Likiwa la tatu, tumia maneno ya hatua ya 5.

Wiki ya tatu watu wa nyumbani watakujaribu, hasa walioizoea Jumamosi yako. Usigombane nao. Toka saa ileile.

Wiki ya nne fungua daftari, jiandike tena siku tatu, uhesabu alama za kuuliza. Zikiwa zimepungua na kuna angalau M moja ndefu, imeshika. Kama hazijapungua, ulikata kitu kisicho sahihi kwenye hatua ya 4. Rudi hapo, usirudi mwanzo.

## Pale ambapo si uchovu tu

Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au hupendi tena vitu ulivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, funga daftari hili uende kituo cha afya na useme hivyohivyo ulivyosoma. Wazo la kujidhuru halisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo na aende nawe.

Pima na presha ukiwa huko. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, inahitaji matibabu, na mara nyingi haitoi dalili yoyote.

## Ratiba ikivunjika

Ukiikosa Jumamosi moja, usijaribu kulipa deni kwa kuchukua siku nzima wiki ijayo. Hutaipata, na utakuwa umekosa mbili. Andika kilichoichukua, uianze tena Jumamosi inayofuata kwa saa ileile.

Likizo za shule zitaivuruga, kwa hiyo zungumza na jirani wa kubadilishana naye wiki mbili kabla shule hazijafungwa. Na Ramadhani usiiweke jioni, kwa sababu futari itaimeza. Iweke asubuhi baada ya kulala tena kidogo kutoka daku, matembezi uyahamishie baada ya tarawehe, na kahawa chungu na kashata zisubiri jua lizame.